Kuanza kazi ya rifleksolojia Uingereza: mwongozo kamili kwa anayetoka kwetu

Watu wa nyumbani wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kukanda nyayo huanza na swali moja: "Dada, leseni nachukulia wapi?" Kwa mtu wa Tanzania ni swali la lazima. Kule Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza, na Baraza linamtaka mtoa huduma ajisajili kabla hajaanza kupokea watu. Ndiyo maana jibu la huku huwaacha wengi wakinitazama kama nawatania. Leseni ya serikali ya kukanda nyayo haipo. Jirani yako akiamka kesho, akabandika mlangoni karatasi inayosema yeye ni mtaalamu wa rifleksolojia, hajavunja sheria yoyote kwa kujiita hivyo.

Asikudanganye mtu, hata hivyo, kwamba hakuna sheria. Zipo nyingi, ila zimekaa pembeni mwa kazi yenyewe: kwenye viza, matangazo, halmashauri, taarifa za wateja na kodi. Mikono yako wameiachia, wakakushika mdomo. Mimi hilo nililijua kwa kuandikiwa barua, nami nitaisimulia ikifika zamu yake.

Nazungumzia England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zinajiendeshea mambo ya afya zenyewe. Mengi yanafanana lakini uliza huko huko.

Kwanza, jua serikali imesimama wapi

Huku hawasemi sana "tiba mbadala" wanapozungumzia kazi yetu. Wanatofautisha tiba inayochukua nafasi ya daktari na ile inayokaa kando yake, yaani tiba nyongeza. Rifleksolojia iko kwenye hili kundi la pili, na ukikaa humo kwa moyo mweupe hutapata shida na mtu.

Mgawanyo huo ulipata nguvu Novemba 2000, pale kamati ya sayansi na teknolojia ya House of Lords, yaani bunge la juu, ilipotoa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Walton kuhusu tiba hizi. Waliziweka kwenye makundi matatu. La kwanza lilikuwa na osteopathi na kairopraktiki (tiba za mikono za viungo na uti wa mgongo), akupancha (tiba ya sindano), tiba ya mitishamba na homeopathi (dawa zilizozimuliwa mno). La pili likachukua zile zinazomsaidia mtu huku matibabu yake ya hospitali yakiendelea: masaji, aromatherapi (tiba ya mafuta yenye harufu) na rifleksolojia yetu. La tatu likabeba zile zinazojifanya mfumo kamili wa tiba bila ushahidi wa kutosha.

Kuwekwa kundi la pili ndiko kulikoamua maisha yetu mpaka leo. Osteopathi walishapata sheria yao bungeni mwaka 1993 na kairopraktiki 1994, kwa hiyo majina yao yanalindwa. Ukijiita hivyo bila usajili ni kosa la jinai. Sisi tuliambiwa tujisimamie kwa hiari. Serikali ikatoa fedha za kuanzisha chombo cha kusimamia hiari hiyo, Complementary and Natural Healthcare Council, CNHC kwa kifupi, kikazaliwa mwaka 2008. Tangu 2013 sajili yake imeidhinishwa na Professional Standards Authority, mamlaka ile ile inayovikagua vyombo vinavyosimamia madaktari na wauguzi. Muuguzi mmoja aliwahi kunidharau, nilipomweleza hili akakaa kimya.

Si kila nchi imechagua njia hii. Afrika Kusini wenzetu wa rifleksolojia wamo ndani ya sheria kabisa, chini ya baraza la Allied Health Professions, na asiyesajiliwa haruhusiwi. Mimi binafsi ningependa mfumo ule. Hiari ya huku inamlinda mteja anayejua pa kuulizia, na wengi hawajui.

Uwe pia mkweli kuhusu ushahidi, maana sera nzima imejengwa juu yake. Mwaka 2009 Edzard Ernst, profesa wa tiba nyongeza wa Exeter, alipitia majaribio 18 ya rifleksolojia na hakuona uthibitisho wa kuridhisha kwamba inatibu ugonjwa wowote. Wenzangu wengi walinuna. Mimi nilisoma, nikakasirika wiki moja, halafu nikajiuliza: wateja wangu wanarudi kwa ajili gani? Wanarudi kwa sababu saa moja mtu ameshika miguu yao kwa upole, chumba kimya, simu imezimwa. Hilo linatosha kuuza, na ndilo tunaloruhusiwa kuuza.

Pili, angalia viza kabla ya kulipa ada ya chuo

Wengi hawaamini kwamba hatua hii inakuja mapema hivi. Kazi hii karibu kila mara ni ya kujiajiri, na viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri hata kwa saa moja, hata kwa rafiki, hata kama malipo ni ya mkono kwa mkono. Viza ya waliomaliza chuo, ile wanayoiita Graduate, inaruhusu. Aliyekuja kwa viza ya kazi ya kuangalia wazee amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini; asome masharti yake neno kwa neno, na akibaki na shaka amwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si shangazi wa kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia hana kikwazo.

Kusoma si kosa. Unaweza kusoma sasa, ukaanza kutoza baadaye viza ikiruhusu.

Tatu, chagua kozi inayotambulika

Kwa kuwa jina halilindwi, kozi ni za kila aina. Kuna za mwisho wa wiki mmoja zinazokupa cheti kizuri cha kutundika ukutani, na kwa huo ukuta ndipo thamani yake inapoishia. Ukitaka kusajiliwa na kukatiwa bima ya maana, tafuta stashahada ya ngazi ya 3 kwenda juu, inayofuata viwango vya kitaifa vya kazi na mtaala wa msingi wa rifleksolojia. Kabla ya kulipa, muulize mkufunzi mambo haya, kwa maandishi ili akujibu kwa maandishi:

- Nikimaliza, CNHC watanipokea moja kwa moja?
- Anatomia, fiziolojia na patholojia zimo ndani au nazilipia kando?
- Nitafanya mazoezi kwa watu wangapi, na nani atanisimamia?
- Kozi hii inatambuliwa na Association of Reflexologists? Hiki ni chama cha tangu 1984, na wanachama wake hupata bima kwa urahisi.

Mkufunzi akianza kuzungukazunguka kwenye swali la kwanza, shukuru, ondoka.

Mazoezi ndiyo kozi yenyewe. Utakanda miguu mingi mpaka kidole gumba kiote sugu. Mbinu ya msingi ni kukitambaza kidole kama kiwavi: kinajikunja, kinajinyoosha, kinasogea kiasi cha punje ya mchele, kinajikunja tena. Unaanzia kisigino unapanda hadi chini ya vidole, bila kuteleza, bila kuruka sehemu. Wanafunzi wengi hukandamiza kwa nguvu wakidhani maumivu ndiyo kazi. Mwalimu wangu alikuwa akituwekea ndizi mbivu isiyomenywa mezani, tutambae juu yake. Ukiimenya ikakutwa na madoa meusi, umeumiza mteja.

Aliyesomea nje ya Uingereza asikate tamaa. Aandae vyeti, na zaidi ya vyeti aandae mtaala wenye saa za kila somo, kwa Kiingereza. Bila mtaala hawana cha kulinganisha.

Nne, jisajili ingawa hulazimishwi

Hapa huulizwa, "Kama si lazima, nilipe ada ya mwaka kwa nini?" Kwa sababu milango mingi utakayobisha inauliza usajili. Hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, inauliza. Kliniki ya daktari yenye chumba cha kukodi inauliza. Kampuni zinazowarudishia wafanyakazi sehemu ya gharama za tiba hizi nazo zinauliza jina la chombo chako kabla hazijamlipa mteja wako.

Ukisajiliwa unakubali kanuni za maadili, unajiendeleza kimasomo kila mwaka na kutunza kumbukumbu zake, na mteja anakuwa na mahali pa kukushtaki. Hili la mwisho linawatisha watu. Mimi naona ni heri ushtakiwe kwenye chombo kinachojua rifleksolojia kuliko kwa watu mtandaoni.

Tano, bima

Fupi tu: usimguse mtu bila bima, hata mama mkwe. Unataka inayolipa mteja akiteleza kwenye sakafu yako, na inayolipa akidai kazi ya mikono yako imemdhuru. Soma ukurasa wa vitu visivyolindwa. Ukiongeza mishumaa ya masikio au masaji ya kichwa bila kuwaambia, hiyo nyongeza haina bima, na siku ya tatizo watakuonyesha mstari huo.

Sita, mahali pa kufanyia

London ina habari yake. London Local Authorities Act ya 1991 inazipa halmashauri za mitaa ya jiji uwezo wa kudai leseni kwa jengo linalotoa "tiba maalumu", na masaji na rifleksolojia huwekwa humo. Leseni ni ya jengo, na baadhi ya halmashauri humsajili na kila anayefanya kazi ndani. Sheria hiyo hiyo ina mlango wa pembeni: mwanachama wa chama cha watoa tiba kilichotambuliwa na halmashauri anaweza kusamehewa leseni. Hapo ndipo ule uanachama wa hiari unapogeuka pesa. Usikisie. Fungua tovuti ya halmashauri ya mtaa wako, tafuta orodha ya vyama vilivyosamehewa, na kama chama chako kimo, omba uthibitisho kwa barua pepe uuhifadhi. Mtaa wa pili unaweza kuwa na utaratibu tofauti kabisa. Rafiki yangu alihama kwa vituo viwili vya treni akalazimika kuanza upya.

Nje ya London, sehemu nyingi hazidai leseni kwa kazi yetu. Sheria ya 1982 inayotumika huko inawalenga wenye sindano: akupancha, tatuu, kutoboa masikio. Nyayo hatuzitoboi. Piga simu halmashauri hata hivyo, maana iko miji yenye masharti yake.

Ukitaka kufanyia nyumbani, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya maandishi, na uiarifu bima ya nyumba. Wateja wawili watatu kwa siku kwa kawaida hawamshtui mtu. Wakianza kujaza maegesho ya barabara nzima, majirani watakuulizia kibali cha mipango miji. Chumba chenyewe hakihitaji makuu: kiti kinacholala, kigoda cha kwako, taulo safi kwa kila mteja, poda au krimu, sinki karibu. Na joto. Mteja mwenye baridi hapumziki hata ukanda vipi.

Saba, matangazo: hapa ndipo wengi wanapoanguka

Sasa ile barua. Mwaka wangu wa pili nilichapisha kipeperushi, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, nikakigawa kwenye harambee ya Wakenya na kwenye duka la nyama ya halali. Kilisema rifleksolojia inasaidia kipandauso, shinikizo la damu, ugumba na matatizo ya hedhi. Sikuwa nadanganya kwa makusudi; orodha ile niliikuta kwenye madaftari ya chuo nilichosomea, neno kwa neno. Mtu mmoja akakipeleka kwa wasimamizi wa matangazo. Nikaandikiwa nitoe ushahidi kwa kila dai. Kwa kila dai! Nilikaa na ile orodha mezani usiku kucha, na asubuhi sikuwa na hata moja ninaloweza kulitetea. Nikavichoma vipeperushi vilivyobaki, nikajibu kwamba havitatumika tena.

Utaratibu uko hivi. Matangazo yanasimamiwa na Advertising Standards Authority, ASA. Si idara ya serikali. Ni chombo kilichoundwa na sekta ya matangazo yenyewe, lakini anayekaidi anaweza kupelekwa kwa maofisa wa biashara wa halmashauri, na hao wana meno. Tangu tarehe 1 Machi 2011 mamlaka yake yanafika kwenye tovuti yako mwenyewe na kurasa zako za mitandao ya kijamii. Kanuni yao ya 12.2 ndiyo ya kukariri: usimkatishe mtu tamaa ya matibabu ya lazima, na usijitangaze kutibu maradhi yanayohitaji uangalizi wa daktari kama hakuna mtaalamu wa afya mwenye sifa anayesimamia.

Juu ya hiyo kuna sheria zenyewe. Cancer Act ya 1939, kifungu cha 4, inakataza tangazo lolote kwa umma linalojitolea kutibu saratani au kushauri namna ya kuitibu. Hii ni jinai, na haijali kama uliandika kwa nia njema. Sheria ya kuwalinda walaji nayo imeorodhesha vitendo vilivyopigwa marufuku moja kwa moja, na kimojawapo ni kudai uongo kwamba huduma yako inaponya ugonjwa.

Kwa vitendo, fanya hivi. Chukua kila unachotumia kujitangaza: kadi, tovuti, ukurasa wa Facebook, hata yale maneno chini ya picha yako ya WhatsApp. Shika kalamu nyekundu. Piga mstari kila jina la ugonjwa. Piga mstari "tibu", "ponya", "ondoa sumu mwilini", "amsha kinga". Halafu soma kilichobaki. Changu kilibaki jina langu na namba ya simu.

Kipeperushi changu cha leo kinasema: "Saa moja ya kupumzika. Nyayo zako zinakandwa taratibu, kwenye chumba chenye joto na utulivu. Si mbadala wa daktari wako." Basi. Nilidhani sitapata mtu. Nikapata wengi kuliko zamani, na wanaokuja wanajua wanachokuja kutafuta. Maneno ya kupumzika, kujisikia vizuri na kutua mawazo hayana ugomvi na mtu.

Mitego mitatu imewanasa watu ninaowafahamu:

Ushuhuda wa mteja. "Mama Asha alikuwa na pumu, leo anakimbia." Ukiuchapisha, umelisema wewe. Maneno ya mteja si ushahidi, hata akitia sahihi.

Kusambaza viungo. Ukibandika makala ya mtu mwingine ya "rifleksolojia na kisukari" kwenye ukurasa wa biashara yako ukaongeza "karibuni", usitegemee kujificha nyuma ya mwandishi wake.

Kiswahili. Kuna wanaodhani wakiandika kwa lugha yetu hakuna atakayesoma. Kanuni haichagui lugha, na kipeperushi changu, nakukumbusha, kilikuwa na pande mbili. Mwongo wa Kiswahili, kwa maoni yangu, ana dhambi zaidi: anawadanganya watu ambao tayari wana shida ya kumwelewa daktari wao.

Nane, mteja akishakaa kitini

Mwite mteja, si mgonjwa. Usivae koti jeupe kama la daktari. Usiseme "nimeona figo zako zina tatizo" kwa sababu tu umehisi chembechembe chini ya wayo. Huna mamlaka ya kutambua ugonjwa, na mtu atalibeba neno lako mpaka nyumbani akose usingizi. Na dawa za mteja usizizungumzie kabisa: aliyepewa na daktari akitaka kuacha, mrudishe kwa daktari.

Kabla ya kugusa, jaza fomu naye: jina, umri, daktari wake, dawa anazotumia, upasuaji wa karibuni, mimba, kisukari, kuganda kwa damu, vidonda. Mweleze utakachofanya na asichopaswa kutarajia, atie sahihi. Kwa mtoto chini ya miaka 16 sahihi ni ya mzazi, na kama mtoto anaonekana mgonjwa mwambie mzazi ampeleke hospitali. Sheria ya huku inamshika mzazi anayemnyima mtoto matibabu. Mjamzito, mpokee tu kama umesomea, na siku ya uchungu ujue nafasi yako: kuzalisha ni kwa mkunga na daktari, mwingine anaingia kwa dharura tu.

Shavu la mguu likiwa limevimba upande mmoja, la moto, linauma, usikande. Huenda ni damu iliyoganda. Piga 111, namba ya ushauri wa afya, papo hapo uwaeleze. Akiwa na maumivu ya kifua au anapumua kwa shida, ni 999, namba ya dharura.

Na kisukari, kwa sababu wazee wetu wengi wanacho. Bibi mmoja wa Lamu aliletwa na mjukuu wake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Hii sukari imenikaba miguu, nakanyaga chini naona kama nakanyaga pamba. Nikandie kwa nguvu, nisikie." Hapo hapo nilijua sitakanda kwa nguvu. Nikamvua soksi, nikawasha taa ya karibu, nikafungua kidole kimoja kimoja kama mtu anayefungua kurasa zilizoshikana. Kati ya cha nne na cha tano kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa shilingi, kimelowa, pembe zake nyeupe. Hakuwa anajua. Hakuwa anakisikia. Nikamfunika miguu, nikamwita mjukuu, tukapiga simu kwa daktari wake nikiwa nimesimama pale pale, wakampa nafasi siku ile ile. Sikumtoza. Kwenye fomu nikaandika nilichokiona, saa niliyopiga simu na nilichoambiwa. Kila mwenye kisukari ana haki ya kukaguliwa miguu mara moja kwa mwaka na NHS, huduma ya afya ya serikali, bure. Waulize wateja wako kama wamekwenda, wengi hawajui kwamba mwaliko ule wa barua ni muhimu.

Fomu hizo sasa ni mzigo wako. Taarifa za afya ziko kwenye daraja la juu la ulinzi kisheria. Lipa ada ya mwaka kwa Information Commissioner's Office, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa, funga karatasi kwenye kabati lenye ufunguo, weka nywila kwenye kompyuta, na uiulize bima yako zitunzwe miaka mingapi kabla ya kuchanwa. Kupiga picha miguu ya mteja ukaitupia kwenye kundi la familia kuuliza "hii ni nini?" ni kosa, hata kama uso hauonekani.

Tisa, kuingia hospitali na hospisi

NHS kwa kawaida hailipii rifleksolojia, na mwelekeo wa miaka ya karibuni umekuwa kubana: mwaka 2017 waliwashauri madaktari waache kuandika homeopathi. Usijenge biashara ukitegemea rufaa za serikali. Kuna nyufa mbili tu. Ya kwanza ni hospisi na vituo vya kuhudumia wenye saratani, ambavyo vingi huendeshwa kwa michango, na huko rifleksolojia hutolewa kumpa mtu faraja. Watakudai usajili, bima, cheti cha tabia njema, ile DBS yao, na mafunzo ya ziada ya kumkanda mtu aliye kwenye dawa kali. Mara nyingi utaanza kwa kujitolea. Ya pili ni wale wafanyakazi waunganishi walioanza kuwekwa kwenye kliniki za madaktari tangu 2019, kazi yao kumuunganisha mgonjwa na huduma za jamii. Wapelekee kadi yako. Sema "kupumzika". Ukisema "kutibu", kadi itaingia kwenye pipa ukiwa bado mlangoni.

Kumi, kodi

Mwaka wa kodi unaanza Aprili 6. Mapato ya biashara yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka, jisajili HMRC, mamlaka ya kodi, kama uliyejiajiri kabla ya Oktoba 5 baada ya mwaka huo kuisha, na ujaze marejesho mtandaoni na kulipa kabla ya Januari 31. Tunza risiti za taulo, krimu, bima na kodi ya chumba.

Kwenye VAT ndipo ile sera ya mwaka 2000 inapokufikia mfukoni. Huduma za daktari, muuguzi au osteopathi zimesamehewa kwa sababu wamesajiliwa kisheria. Usajili wetu wa hiari hauhesabiki, kwa hiyo mauzo yakifika pauni 90,000 unatoza asilimia 20 kama mwenye saluni. Kwa mtu mmoja na kiti kimoja ni mbali. Ukiajiri watu, piga hesabu mapema.

Na ukifikiria kurudi nyumbani

Usajili wa CNHC hauvuki bahari. Tanzania utakwenda kwenye Baraza kama kila mtu, na Kenya Sheria ya Afya ya 2017 imeingiza tiba hizi kwenye mpango wa serikali, kwa hiyo uliza wizarani utaratibu uliopo siku hiyo. Kusanya tangu sasa: stashahada, mtaala wenye saa, barua ya usajili ya kila mwaka, na barua ya bima inayoonyesha hujawahi kudaiwa. Viweke kwenye bahasha moja. Mimi yangu iko chini ya godoro, pamoja na nakala moja ya kipeperushi kile cha zamani ambayo sikuichoma.